Kinachopita Mlangoni

Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, nayo imesimama juu ya lava iliyoganda tangu tarehe 17 Januari 2002, siku ambayo volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji na kuliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Msingi haukuhitaji kuchimbwa, kwa sababu mwamba ule hauchimbiki. Tulipanga mawe meusi, tukamwaga saruji kidogo, tukasimamisha nguzo. Miimo ya mlango ni ya mkaratusi, na mkaratusi usipokauka vizuri hupinda, kwa hiyo mpaka leo anayetaka kuufunga mlango wetu lazima auinue kwanza kidogo kwa mkono wa kushoto. Watoto wangu wote wamejifunza kuuinua hivyo kabla hawajajua kusoma.

Katika sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati, wazazi wa Israeli wanaamriwa kuwafundisha watoto wao maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo, kisha wanaambiwa wayaandike juu ya miimo ya nyumba zao. Kwa miaka mingi nilisoma kifungu hicho nikidhani kwamba uzito wake uko kwenye kufundisha, yaani kwenye maneno ya mzazi. Siku hizi nadhani uzito wake uko kwenye mwimo. Mwimo ndio unaoona kila kitu kinachoingia na kila kitu kinachotoka, na nimeishi muda wa kutosha kama baba kutambua kwamba watoto wanajua imani ya nyumba yao kwa kile kinachopita pale kuliko kwa kile tunachosema tukiwa tumeketi.

Mke wangu na mimi tulifunga ndoa mwaka 2007. Mimi ni Mkatoliki, yeye alilelewa katika Kanisa la Kibaptisti, katika CBCA, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Goma, na baba yake alikuwa shemasi anayejulikana kwa ukali wa kutunza Jumapili. Ndoa ya namna hiyo kwetu huomba ruhusa ya askofu, na mimi niliahidi, kama sheria ya Kanisa inavyodai, kufanya yote niwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mama mkwe alilia siku ile. Haikuwa kwa hasira. Alilia kama mtu anayemwona binti yake akihamia ng'ambo ya ziwa. Nilimwambia, “Mama, hatutaacha kuomba,” naye akanijibu, “Mwanangu, tutaona.” Neno hilo, “tutaona”, lilikaa nami kwa miaka mingi, na naamini lilikuwa sala yenyewe.

Maana ukweli ni kwamba mwanzoni hatukuomba pamoja. Mimi nilikuwa na rozari yangu, yeye alikuwa na maombi yake ya kufumba macho na kuzungumza na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, na kila mmoja alikuwa akimheshimu mwenzake kwa kukaa mbali. Heshima hiyo ilikuwa na baridi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani, na katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaokutana kila juma kusali na kusaidiana, neno hilo hurudiwa mara nyingi sana. Lakini sisi tulikuwa na makanisa mawili katika chumba kimoja, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa akitambaa kutoka moja hadi jingine.

Aliyevunja ukuta huo ni mke wangu, na aliuvunja kwa njia ndogo sana. Jioni moja, mtoto alipokuwa na homa, alikuja akaketi karibu nami nilipokuwa nikisali, akasikiliza Salamu Maria zote bila kuzitamka, kisha nilipomaliza akasema, “Sasa na mimi,” akamwombea mtoto kwa maneno yake. Tangu siku hiyo utaratibu wetu umekuwa huo. Tunaanza kwa wimbo, kwa kawaida wa upande wake, kwa sababu Wabaptisti wanajua kuimba kwa sauti nne hata wakiwa wawili. Tunasoma kifungu kifupi. Kila mmoja, hata mdogo kabisa, anasema alichokiona humo. Kisha sala, na mwisho Baba Yetu, ambayo ni yetu sote. Mwanzoni nilitaka saa nzima, na watoto walikuwa wakilala juu ya mkeka kama sambaza, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Mke wangu akanishauri tupunguze hadi robo saa, nami nikakubali kwa shingo upande. Alikuwa na haki. Robo saa inayofanyika kila siku imetulea kuliko mikesha yote niliyowahi kuipanga.

Kuna jambo moja aliloliongeza yeye, nalo ndilo lililokuja kuniokoa baadaye. Kabla ya wimbo, yeyote aliyemkosea mwenzake siku hiyo anaomba radhi kwa sauti, na wazazi hawakuachiliwa. Alilitoa kwenye Mathayo 5, pale Yesu anapomwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo baba hakuwahi kuomba radhi kwa mtoto, na mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kwa sababu ya kofi nililompiga kijana wangu bila sababu, sauti ilinikauka kooni. Yeye alikuwa na miaka saba. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, “Ndiyo, Papa,” kama mtu mzima.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, tulikuwa ndani ya wimbo wakati majirani walipoanza kupiga kelele. Tulitoka nje, na anga lote la kaskazini lilikuwa jekundu. Ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane na aliyekuwa amefundishwa juma lile lile katika katekisimu habari za ndimi za moto zilizowakalia mitume, alinishika suruali akauliza, “Papa, ndiye Roho Mtakatifu anakuja?” Sikuwa na jibu. Mama yake alimbeba mgongoni, ingawa alikuwa mzito, akamwambia, “Hapana, mwanangu, ule ni mlima. Roho yuko hapa, ndiyo maana unaona tunaweza kutembea.” Lava ilisimama pembeni mwa mji usiku ule, lakini siku chache baadaye, tarehe 27, kwa hofu ya mlipuko mwingine, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, nasi tukatembea kwenda Sake, mji mdogo ulio magharibi ya Goma, tukalala siku kadhaa katika darasa moja na familia nyingine nne. Nilichokiona katika darasa lile sijakisahau: saa moja ya jioni ilipofika, kijana wangu, bila kuambiwa na mtu, alianzisha wimbo. Familia zile nyingine, ambazo hatukujuana nazo, zikaitikia.

Deni lile la kupokewa Sake tulilirudisha, au tuseme tulipewa nafasi ya kuanza kulirudisha, mwezi Februari 2024. Vita ilipokaribia Sake, watu wa huko walimiminika Goma, na shemeji yangu alifika mlangoni petu na watoto wake, mama yake mzazi, na watoto wawili wa jirani ambao hakuna aliyejua wazazi wao wamepita njia gani. Watu tisa. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Sitaandika kwamba ilikuwa rahisi, kwa sababu mwenye kukaa na watu kumi na wanne chini ya mabati anajua: maji ni bidoni nane badala ya tatu, sufuria ya bugali haitoshi, na mtu mmoja akikohoa usiku nyumba nzima huamka. Kuna siku nilikaa kazini saa moja zaidi bila kazi yoyote, kwa sababu sikutaka kurudi. Niliungama hilo kwa padiri, kisha nikaliomba radhi pia kwenye mkeka, mbele ya wageni wenyewe, na mama mkwe, yuleyule wa “tutaona”, ambaye sasa alikuwa akilala katika chumba cha wasichana, alicheka hadi machozi yakamtoka. Akasema hata Abrahamu alikimbia kuwapokea wageni wake kwa sababu walikuwa watatu tu.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimekaa kuandika haya.

Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na mishahara ya watu wengi ikakatika. Mimi nilikuwa mtunza ghala katika duka moja la unga na mchele huko Birere. Kazi iliendelea, lakini kwa shida, na mwenye mali alikuwa akihesabu kila kilo. Mwezi Machi mvua ilipenya kwenye bati, ikalowesha safu nzima ya chini ya mifuko ya unga wa mahindi, na tulipoigundua unga ulikuwa umeganda mabonge na kuota ukungu wa kijani. Mwenye mali alisema tuuanike, tuupepete, tuuchanganye na unga mzima, tuurudishe katika mifuko na kuishona upya. Nilisema kwamba si vizuri. Akaniambia kwamba wako wengi wanaotafuta kazi yangu. Nikachukua sindano ya magunia.

Nilishona kwa siku mbili. Mfuko unaotoka kiwandani umeshonwa kwa mashine, na ukiijua ncha ya kuvuta, uzi wote hufunguka kwa mvuto mmoja, tiririri, kama mlango unaoteleza. Wa kwangu ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa mishono mirefu, na nilijitahidi usionekane. Wanunuzi wetu walikuwa hasa akina mama wanaouza kwa kopo barabarani, na mifuko ile ikaondoka. Kama shukrani, mwenye mali alinipa mfuko mmoja wa kilo 25. Nilijichagulia mwenyewe kutoka safu ya juu, unga safi, nikauweka kando. Kijana wa kupakia, ambaye hakujua kitu, akaupakia juu ya pikipiki mfuko mwingine.

Ilikuwa Kwaresima. Nilipofika nyumbani watoto walishangilia, maana kwa majuma mawili tulikuwa tukila mara moja kwa siku. Binti yangu, ambaye tangu utoto kazi yake ni kufungua mifuko kwa sababu anapenda ule uzi unavyokimbia, alichuchumaa mlangoni penye mwanga, akatafuta ncha, akavuta. Haukukimbia. Akavuta tena. Akauinua uso wake akaniambia, bila kunishitaki kwa lolote, “Papa, huu ameushona mtu.”

Sikusema neno. Nikampa kisu akate. Mke wangu alichota unga, akaunusa, akanitazama, akaurudisha, akamenya viazi vichache vilivyobaki. Hakuniuliza kitu mbele ya watoto. Ilipofika saa moja tuliketi, na kimya kile cha kabla ya wimbo, ambacho kwa kawaida hudumu muda wa kupumua mara mbili, siku ile kilikuwa kirefu, kwa sababu kila mtu alikuwa akiningojea mimi na hakuna aliyejua anangojea nini. Nilisema yote. Nilitaja idadi ya mifuko. Nilisema kwamba nilijichagulia mzuri, na kwamba nilipochagua nilijua wengine watakula mbaya. Mwanangu mkubwa alisimama akatoka nje. Hatukuimba jioni ile.

Kesho yake nilikwenda kuwatafuta wale akina mama. Niliwajua watatu waliochukua mifuko mingi zaidi. Wa kwanza alikuwa bado na mifuko miwili, nikaichukua nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Wa pili alikuwa ameuza yote. Alinitukana mbele ya watu, na kila neno alilolisema lilikuwa kweli. Wa tatu sikumpata. Wenzake walisema amerudi kijijini, na mpaka leo simjui aliko wala nani alikula unga ule. Kwa mwenye mali nilisema kwamba sitashona tena. Hakunifukuza siku ile, lakini kabla ya Juni alikuwa amepata mtunza ghala mwingine. Sasa nahesabu mizigo bandarini, pale mashua za Bukavu zinapofika, siku zile ambazo kuna mizigo.

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025, shirika letu lilikusanyika katika ua wa mama mmoja mwenye simu nzuri, ili kufuata ibada ya Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, ambapo kijana wa mji wetu, Floribert Bwana Chui, alitangazwa Mwenye Heri. Habari zake tunazijua. Alizaliwa Goma mwaka 1981, alisoma sheria, alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio na aliwafundisha watoto wa mitaani ambao mji mzima uliwaita maibobo. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, hapa mpakani. Mwezi Julai 2007, baada ya kukataa hongo ili apitishe shehena ya chakula kilichoharibika, alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kilikuwa mchele.

Kila aliyekuwa katika ua ule alikuwa akishangilia. Mimi nilikuwa nikimtazama binti yangu, ambaye naye alikuwa akinitazama. Floribert aliuawa mwaka ule ule niliofunga ndoa. Tulipita barabara zile zile, pengine tulinunua mkate dukani pamoja. Yeye alisimama mlangoni pa mji mzima akasema chakula hiki hakitapita, na mimi sikuweza kusema hivyo ndani ya ghala moja lenye bati bovu. Sidhani kwamba Mungu ananitaka niwe yeye. Lakini nimeacha kusema mbele ya watoto kwamba watakatifu walikuwa watu wa zamani, wa nchi nyingine, wenye familia zilizotulia. Hata Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa Kongo tunayemwomba tangu utoto wetu, alikulia katika nyumba ambayo baba alimwacha mama kwa kuwa alikuwa akizaa wasichana tu. Ninawaambia hilo hasa akina mama wa shirika letu wanaolea peke yao na ambao hunyamaza kila mhubiri anaposema familia ya Kikristo ina baba, mama na watoto. Familia nyingi za mji huu zimebaki na nguzo moja, na sala inasaliwa humo kila jioni.

Mwanangu mkubwa sasa ana miaka 17. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo kule Sake, na yeye ndiye aliyetoka nje usiku wa mfuko. Tangu siku ile haketi nasi. Hakosi adabu, anachota maji, anamsaidia mama yake kubeba nyanya hadi soko la Virunga, ananisalimia. Ila ikifika saa moja anachukua kiti chake cha plastiki, anakwenda kuketi nyuma ya nyumba. Wazee wawili wa shirika wamenishauri nimlazimishe, kwa kuwa mimi ndimi kichwa cha nyumba. Mama mkwe amenishauri nisimguse. Paulo anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, nami naona kwamba kumlazimisha mtoto asali pamoja na mtu ambaye bado hajaweza kumwamini ni kumchokoza. Nilimfuata mara moja tu, nikamwambia kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba sitamwombea kwa sauti mbele ya wenzake kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Alitikisa kichwa. Tukakaa pale kwa muda, tukitazama mwanga mwekundu juu ya Nyiragongo.

Sehemu yake kwenye mkeka haikaliwi. Mdogo wetu alitaka kuihamia, mama yake akamkataza.

Juzi mvua ilinyesha tangu saa kumi na moja, na nyuma ya nyumba hapakukalika. Tulipoanza wimbo, mlango uliinuliwa kwa mkono wa kushoto, ukafunguka nusu. Aliingiza kiti chake, akakiweka palepale kwenye kizingiti, miguu miwili ya kiti ndani na miwili nje, akaketi ametupa ubavu, maji ya bati yakimrukia begani. Hakuimba. Mke wangu alinigusa goti ili nisigeuke. Tulisoma, watoto wakasema walichokiona, tukasali, na tulipofika Baba Yetu, pale penye mkate wetu wa kila siku, nilisikia sauti nene, ambayo sijaizoea bado, ikisema maneno hayo mawili matatu kisha ikanyamaza.